Jicho la Kushoto la Fundi wa Kakontwe

Fundi mmoja wa Kakontwe, hapa Likasi, Katanga, alisifika kwa mishono yake iliyonyooka. Kila mwaka, shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, wazazi walijaa mlangoni pake na vitambaa vyeupe na vya bluu, na shati likitoka kwake halikurudishwa. Alikuwa mtoto wa Gécamines, kampuni ya madini, kama wengi wa rika lake. Alifanya kazi katika karakana za kampuni kule Panda mpaka mwaka 2003, pale watu zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wenzake wengi pesa waliyolipwa ili waondoke iliwaishia mkononi. Yeye alinunua cherehani mbili na kufungua duka la ushonaji barazani kwake.

Ambacho hakukihesabu siku alipotia saini ni hospitali. Mfanyakazi wa kampuni alitibiwa na kampuni, yeye na mkewe na watoto. Aliyeondoka alianza kulipia kila kitu mwenyewe, hata kumwona tu daktari na kumwuliza jambo. Nalitanguliza hili kwa sababu visa vya watu walioharibikiwa na macho husimuliwa kana kwamba ni visa vya uzembe, na huyu hakuwa mzembe. Aliyafanya yote ambayo mtu asiye na daktari angeweza kuyafanya, na bado akapotea njia.

Alipofika miaka 43 uzi ulianza kumsumbua. Aliinua sindano na kuisogeza mbali na uso, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukafika mwisho. Akajaribu kuishika mbele ya kitambaa cheupe ili tundu lionekane. Akalamba ncha ya uzi, akaisokota, akakosa. Mwishowe akawa anampa mwanafunzi wake sindano tano asubuhi, zote zitungwe uzi kabla kazi haijaanza.

Majirani walikuwa na jibu: vumbi. Kakontwe imekaa juu ya mawe ya chokaa, tena mawe mashuhuri, maana wanajiolojia wameyaita kwa jina la mahali hapa na kulibeba jina hilo mpaka Kipushi, ambako zinki na shaba zililala ndani ya miamba ya ukoo huohuo. Penye mawe ya chokaa pana vumbi, na vumbi huwasha macho kweli. Chokaa iliyochomwa ni mbaya zaidi. Ikimwingia mtu jichoni huunguza, na dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa muda mrefu, halafu ndipo mbio za hospitali. Mtu anayefanya kazi na chokaa anastahili miwani ya kujikinga, na miwani ya kusomea si kinga. Lakini hakuna vumbi linalomfanya mtu wa miaka 43 asione tundu la sindano huku akiona vizuri watu waliosimama ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kazi ya umri. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayojikunja mtu anapotazama karibu. Mwaka hadi mwaka lenzi hiyo hukakamaa, na baada ya miaka 40 karibu kila binadamu huanza kusogeza maandishi mbali. Tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma, yatawapata wote.

Fundi akaenda soko la Kikula. Kulikuwa na mchuuzi aliyebeba ubao uliojaa miwani, kila moja ina kibandiko kidogo kwenye kioo: +1.00, +1.50, +2.00, kwenda juu mpaka +3.50.

"Papa, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mitatu."

"Jaribu hii."

Alimpa ya +1.50 na kumnyoshea karatasi ya pakiti ya uzi. Fundi akasoma maandishi madogo mpaka ya chini kabisa. Akacheka kwa furaha, akalipa, akaenda nyumbani kutunga uzi mwenyewe.

Siku ile hakudanganywa, na ni lazima niliseme hilo waziwazi, kwa sababu wapo wanaoisema vibaya kila miwani ya sokoni, na kwa kufanya hivyo huwaacha watu wasio na pesa bila chochote. Miwani iliyo tayari hutengenezwa kwa kukadiria: lenzi zote mbili zina namba moja, umbali kati ya kitovu cha lenzi hii na kile cha ile umepangwa kiwandani, na hakuna marekebisho ya jicho ambalo uso wake haukuviringana sawasawa. Basi inamfaa mtu wa namna moja tu: aliyevuka miaka 40, anayeona mbali vizuri, mwenye macho mawili yanayolingana na yasiyo na ugonjwa. Watu wa namna hiyo ni wengi mno. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, watafiti waliwapa wachumaji wa miaka 40 na zaidi miwani ya kuonea karibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kazi yao ya siku iliongezeka kwa asilimia 21.7 kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Kwa mchumaji anayelipwa kwa kilo, hiyo ni chakula mezani. Lakini katika utafiti huo kila mchumaji alipimwa macho kwanza, na aliyeonekana na ugonjwa wa jicho hakuhesabiwa miongoni mwao. Fundi wetu alipewa nusu ya jambo: alipata miwani, hakupata kupimwa.

Miaka ikaenda. Kila mara kazi ilipomshinda alirudi Kikula, na kila mara aliongeza namba. Ikawa +2.00, ikawa +2.50, ikawa +3.00. Alipokuwa na miaka 52 aliomba ya +3.50, na mchuuzi akampa, maana ndiyo aliyoiomba.

Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo ilipokuwa kengele ambayo hakuna aliyeisikia. Namba ya miwani si kipimo cha nguvu kama ya dawa, kwamba ukizidisha utapona zaidi. Namba hiyo inasema umbali. Chukua mita moja, uigawe kwa namba: miwani ya +2.00, kwa mtu ambaye lenzi ya jicho lake imekwisha kukakamaa na ambaye hana kasoro nyingine, inamwonyesha vizuri kitu kilicho nusu mita. Ya +3.00 inamleta mpaka sentimeta 33. Ya +3.50 inamshusha chini ya sentimeta 30. Fundi aliyeketi sawasawa kwenye cherehani yake, sindano iko kama sentimeta 40 kutoka usoni. Kwa hiyo kila alipopanda namba ilimbidi ainame zaidi ili aione. Mgongo ukaanza kumwuma na shingo ikamkaza, naye akadhani ni uzee. Mtu wa kawaida hata akifika miaka 60 hatahitaji zaidi ya +2.50 hivi kwa kazi ya mkononi. Anayedai +3.50 kabla ya hapo, ama macho yake yalikuwa na kasoro tangu zamani, ama kuna jambo jingine linaendelea ambalo miwani haiwezi kulifikia.

Jambo jingine lilikuwepo. Akipita mlangoni bega la kushoto liligonga fremu. Kikombe kilichowekwa kushoto kwake kilianguka mara kwa mara, na watoto wakakaripiwa kwa kukiweka vibaya. Siku moja mama mmoja alirudisha shati: mshono wa mkono wa kushoto ulikuwa umekwenda upande. Fundi aliufumua, akaushona tena bila kusema kitu, na usiku huo hakula bukari yake. Alilaumu taa, na umeme unaokatika, na lile vumbi la siku zote.

Dada yake mdogo alikuwa akiuza kapenta. Naye alikuwa amefika umri wa kusogeza mambo mbali, na kichwa kilimwuma kila jioni baada ya kuhesabu pesa. Alipokwenda Lubumbashi kufuata mzigo, kiasi cha kilomita 120, aliamua kupita kwa daktari wa macho. Mji ule unao, katika kliniki ya Sainte Yvonne na kwingineko. Alipimwa jicho moja baada ya jingine, akaangaliwa ndani, akapimwa presha ya macho. Mwisho akaambiwa macho yake ni mazima na yanalingana, anunue tu miwani ya +1.50, hata ile ya tayari itamtosha. Alishangaa, maana alikuwa amejifunga kibwebwe kulipia miwani ya kutengenezewa.

Aliporudi alimkuta kaka yake barazani, akakaa kumtazama akifanya kazi.

"Yaya, mbona ukitaka mkasi unageuza kichwa chote?"

"Mkasi uko mbali."

"Uko hapa pembeni ya mkono wako, Yaya. Wa kushoto."

Hakumjibu. Ilichukua wiki nzima, na ugomvi, na mke wa fundi kuingia upande wa wifi yake, mpaka akakubali kupanda gari.

Kwa daktari alikaa kwenye kiti, ubao wa herufi mbele yake. Alisoma mistari mitatu kwa macho yote mawili, akajiona mshindi. Kisha kijana aliyekuwa akipima akasema: "Papa, funika jicho la kulia kwa kiganja, usilibonyeze."

Fundi akafunika. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mbona mmezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Ugonjwa wake unaitwa glakoma, na wengi huuita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho yasipopata njia nzuri ya kutoka, presha hupanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole. Hauumi. Huanza pembeni na kuja katikati, na kwa kuwa jicho jingine linajaza pengo, mwenyewe hajui. Watu wa asili ya Kiafrika hupatwa zaidi na aina hii ya kimya, na mara nyingi mapema zaidi. Kilichopotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya kila siku, au kwa upasuaji, mpaka mwisho wa maisha. Jicho la kushoto la fundi lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limeguswa tu.

"Kwa hiyo," aliuliza, "ningetengenezewa miwani ya kupimwa tangu mwanzo, jicho lingepona?"

Daktari akamjibu kwamba hakuna miwani yoyote duniani, ya bei ndogo au ya bei kubwa, inayotibu glakoma. Ila mtu anayekwenda kupimiwa miwani hukaa kwenye kiti kile, hufunika jicho moja, huangaliwa ndani, hupimwa presha. Fundi angekaa pale akiwa na miaka 43, angegunduliwa mapema, akapewa matone, na pengine angerudi sokoni kununua ileile ya +1.50.

Hapo ndipo mabishano ya miwani ya tayari na ya kutengenezwa yanapopotea njia. Watu hubishana juu ya kioo na bei, kumbe tofauti kubwa iko kwenye kile kinachofanyika kabla ya kioo. Mchuuzi wa sokoni hupima macho mawili kwa pamoja, yote wazi, na jicho zima hulificha bovu. Mteja hufurahi na mchuuzi hufurahi. Angesema tu, "Funika la kulia, sasa la kushoto," mengi yangejulikana palepale, bila mashine wala umeme.

Fundi aliandikiwa karatasi ya miwani ya jicho la kulia, kwa kuwa lilionekana pia lina astigmatizimu, yaani uso wake haukuviringana sawasawa. Ilikuwa na namba ya lenzi, namba ya pili ya kurekebisha mviringo, kipimo cha digrii kinachoonyesha marekebisho yalale upande gani, na umbali kati ya mboni kwa milimita. Hakuna kibandiko cha sokoni kinachobeba habari zote hizo. Aliongezewa umbali wa kufanyia kazi: sentimeta 40, kama alivyoupima yeye mwenyewe kwa futi yake ya kushonea. Alipoivaa miwani hiyo aliketi wima kwenye cherehani kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Binti yake wa miaka 14 naye akapimwa, maana glakoma hufuata damu, na ndugu na watoto wa mgonjwa wako hatarini kuliko wengine. Presha yake ilikuwa sawa, lakini alikuwa haoni ubaoni. Kumbe alikuwa akinakili daftari la jirani yake, na kwa siri alikuwa amejaribu miwani ya baba, ikamzidishia ukungu. Haikushangaza. Ile ya baba ni ya kujumlisha, ya kuonea karibu, na yeye alihitaji ya kutoa, ya kuonea mbali, tena jicho hili namba yake na jingine namba yake. Mtoto asinunuliwe miwani bila kupimwa, kabisa. Akiwa bado mdogo, wa miaka saba kurudi chini, jicho lisilosaidiwa linaweza kusahauliwa na ubongo, na baadaye hata lenzi nzuri isiliamshe.

Duka moja lilimtengenezea, likachukua bei ya miwani ya kupimwa. Binti akavaa, akasema upande mmoja haujakaa sawa, wakamwambia atazoea. Shangazi yake hakuridhika. Alikuwa amefundishwa jambo na yule kijana wa kupima, akalifanya palepale dukani. Aliishika miwani kwa mkono ulionyooka, akatazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, akaisogeza kushoto na kulia. Lenzi ya kutoa, picha huufuata mkono. Ya kujumlisha, picha hukimbilia upande wa pili. Akafanya vivyo hivyo kwa lenzi ya pili. Kisha akaizungusha kila moja polepole, kwa kuwa karatasi ya binti ilikuwa na astigmatizimu kwenye jicho moja. Lenzi yenye marekebisho hayo huupinda ukingo wa mlango unapoizungusha, na isiyo nayo huuacha umesimama. Zote mbili ziliuacha umesimama. Dukani wakaichukua karatasi tena, na safari hii wakaifuata. Miwani ya kutengenezwa kwa hiyo nayo inataka macho yako: ukague, ulinganishe na karatasi, na karatasi usiiache dukani.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo natamani ifike Katanga. Mjerumani Martin Aufmuth alianzisha mwaka 2012 shirika la EinDollarBrille, linalofanya kazi Malawi na Burkina Faso pamoja na nchi nyingine. Fundi aliyefunzwa hupinda fremu kwa waya wa chuma kwa mashine ndogo ya mkono isiyotaka umeme, akampima mteja kila jicho peke yake, akachagua lenzi zilizokwisha tengenezwa na kuzibana, hii namba hii na ile namba ile. Hairekebishi astigmatizimu ya kila namna, lakini inafuta kosa kubwa la ubao wa sokoni, lile la kuyahesabu macho mawili kuwa moja. Mji wenye mafundi wa chuma kama Likasi hauwezi kukosa mikono ya kazi hiyo.

Dada mtu ndiye aliyekwenda kwa mchuuzi wa Kikula. Hakwenda kugombana. Alimwomba, kabla ya kumwuzia mtu, amwambie afunike jicho moja, asome, kisha jingine, na ambaye jicho moja halioni, au ameongeza namba mara nyingi kwa muda mfupi, amtume hospitali.

Mchuuzi akamsikiliza, akapanga miwani yake ubaoni. "Mama, nikiwafukuza wateja, mimi nitakula nini?"

"Wenye macho mazima mawili ni wengi kuliko wagonjwa, Papa. Hao wauzie. Hata mimi nimekuja kununua ya +1.50, ila nionyeshe iliyo pana, uso wangu si mwembamba."

Akampa tatu azijaribu. Alifunika la kulia, akafunika la kushoto, akachagua ya pili.